Tusidanganyane: Maji ya Mkulima Hayaendeshwi kwa Mkono wa Chuma



Kuna hoja moja ambayo hapa Guangzhou imekuwa kama sala. Watanzania watatu wakikutana Xiaobei, kontena limeshafungwa, chai imeshamiminwa, mmoja wao lazima aseme: "Bongo tunahitaji mkono wa chuma kama wa hawa jamaa." Zamani mifano ilikuwa reli na maghorofa. Siku hizi hoja imehamia shambani, kwa sababu serikali yetu imeanza kumwaga fedha kwenye umwagiliaji: kutoka shilingi bilioni 46.5 mwaka 2021/22 hadi bilioni 361.5 mwaka 2022/23, kwa bajeti moja tu. Fedha zikishakuwa nyingi, wataalamu wa kijiweni nao wanakuwa wengi. Tunaambiwa mkulima wetu hajui thamani ya maji, halipi ada, anatoboa mfereji usiku, ukimpa kamati anakula hela, ukimwitisha mkutano analeta siasa. Dawa yake? Jenga bwawa, mwaga zege, weka meneja mwenye digrii na askari wawili kwenye banio. Mkulima alime, asiulize.

Nasema hoja hiyo ni ya uongo. Na ni uongo wa hatari kuliko wa kawaida, kwa sababu unasemwa na watu waliosafiri. Mjomba kule Rujewa au Mto wa Mbu akisikia kwamba fulani kakaa China miaka kumi na kaona kwa macho yake, atabishana naye vipi?

Basi tuanze na hapa hapa China, kwa kuwa ndiyo inayotajwa.

Kutoka Guangzhou kwenda Foshan unapanda treni ya chini ya ardhi. Ukiendelea mbele, katika wilaya za Nanhai na Shunde, unafika kwenye tuta kubwa linaloitwa Sangyuanwei, lililo kati ya mito Xi na Bei. Lilianza kujengwa enzi za utawala wa Song, miaka 900 hivi iliyopita. Ndani yake watu wa delta hii walichimba mabwawa ya samaki, kingo za mabwawa wakapanda miforosadi, majani wakalisha viwavi wa hariri, uchafu wa viwavi ukalisha samaki, tope la bwawa likarudi kwenye miforosadi kuwa mbolea. Mwaka 2020 jumuiya ya kimataifa ya umwagiliaji, ICID, iliuingiza mfumo huo katika orodha yake ya urithi wa dunia. Wangapi kati yetu tunaopita Foshan kila wiki kununua vigae na fenicha tumewahi kuuliza lile tuta lilikuwa linatunzwa na nani?

Wafalme walikuwepo, na tuta lilipopasuka vibaya serikali ilitoa fedha. Lakini matengenezo ya kawaida yalikuwa ya wenye mashamba. Kila kipande cha tuta kilikuwa na watu wanaowajibika nacho, michango ikikadiriwa kwa ukubwa wa ardhi. Waligombana, tena sana: wa juu wakikataa kulipia tuta la chini, wa chini wakidai kwamba likibomoka la juu wanaozama ni wao. Ugomvi huo uliandikwa katika vitabu vya kumbukumbu vya tuta lenyewe, ambavyo vipo mpaka leo. Sasa niambieni, huo ni mkono wa chuma au ni mkutano wa wakulima wabishi kama wa kwetu?

"Ah, hayo ya wafalme, sisi tunazungumzia China ya Mwenyekiti Mao." Sawa, twende huko. Tangu kuanzishwa kwa makomyuni mwaka 1958 wakulima kwa mamilioni waliitwa kila msimu wa baridi kuchimba mifereji na mabwawa. Kazi kubwa ilifanyika, sibishi, na mabwawa mengi yanayotumika leo ni jasho la miaka ile. Lakini mkisimulia hayo msiache bwawa la Banqiao mkoani Henan, lililobomoka Agosti 1975 na kuua makumi ya maelfu ya watu. Na msiache kilichofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 makomyuni yakavunjwa, shamba likarudi kwa kaya, mfereji ukabaki yatima. Mtu alitunza jaruba lake kwa bidii, lakini mfereji wa pamoja ulikuwa wa "serikali". Kazi za lazima za vijijini zikafutwa katika mageuzi ya miaka ya 2000, kodi ya kilimo ikafutwa mwaka 2006, na pale ambapo watu walikuwa wamezoea kusukumwa tu, alipoondoka msukumaji kazi nayo ikaondoka. Mifereji midogo ilijaa tope nchi nzima hata Waraka Namba 1 wa mwaka 2011, ule waraka mkubwa ambao chama na serikali hutoa kila mwanzo wa mwaka, ukatengwa kwa ajili ya suala la maji.

Amri inaweza kuchimba mfereji. Kuuzibua kila mwaka kwa miaka hamsini ni kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo haifanywi na mtu anayeuona mfereji kuwa wa bwana mkubwa.

Wachina wenyewe waliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1995, kwa mradi wa Benki ya Dunia katika mikoa ya Hubei na Hunan, walianza kuunda vyama vya wakulima watumia maji. Vikaenea haraka, maelfu kwa maelfu. Hapa nawaomba ndugu zangu wa mashirika yasiyo ya kiserikali, mliokuwa mnatikisa vichwa kwa kukubaliana nami, nanyi mtege sikio. Watafiti waliofuatilia vijiji vya Bonde la Mto Manjano mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta kwamba vingi vya vyama hivyo vilikuwa jina tu: mwenyekiti ni yule yule kiongozi wa kijiji, mkulima hakumchagua wala hakuulizwa. Kubadilisha kibao cha ofisini hakukupunguza maji yanayopotea. Tofauti ilionekana pale tu ambapo msimamizi wa mfereji alikuwa ananufaika maji yakiokolewa. Kwa hiyo ushirikishwaji wa kusaini karatasi ya mahudhurio na kunywa soda haukufua dafu China, na hautafua dafu Kilosa.

Turudi nyumbani sasa, maana Wachina hao hao walishatuachia somo pale pale Usangu.

Shamba la mpunga la Mbarali, hekta 3,200 hivi, lilijengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, wakati wenzao wakitandika reli ya TAZARA. Lilikuwa shamba la kuonyesha wageni: mifereji iliyonyooka, kinu cha mpunga, umeme wake wenyewe wa maji. Wataalamu wakaondoka, shamba likawa la NAFCO, shirika la umma la mashamba. Wenyeji wa Ubaruku na vijiji vya jirani nafasi yao ndani ya uzio ilikuwa ya kibarua. Baadaye likaja shamba la Kapunga, nalo la NAFCO. Meneja mwenye digrii alikuwepo, na amri ilitoka Dar es Salaam, yaani kila kitu mnachokitamani kilikuwepo. Matokeo mnayajua: NAFCO ikafa, na mwaka 2006 mashamba yote mawili yakauzwa kwa wawekezaji. Kule Kapunga hati ya mwekezaji ilikuja kugundulika imemeza na ardhi ya kijiji, mgogoro uliodumu miaka na miaka. Nje ya uzio, kwa wakati wote huo, wakulima wadogo wa Usangu wasio na meneja yeyote waliendelea kupanua majaruba kwa jembe la mkono na mabanio ya magogo, na mchele wao wa Mbeya ndio uliokuwa unajaza masoko. Nani hapo alikuwa hajui kilimo?

Mfano wa pili uko Kilimanjaro, na huu unaniuma zaidi kwa sababu ulikuwa mradi mzuri. Skimu ya Lower Moshi ilikamilika mwaka 1987 kwa fedha na utaalamu wa Japani: hekta 2,300, kati ya hizo 1,100 za mpunga. Mbegu bora, matrekta, mafunzo, mavuno ambayo nchi haikuwahi kuyaona, tani sita na zaidi kwa hekta. Wahandisi walipima mto Rau na chemchemi za Njoro wakagawa maji kwa kikokotoo, na kwenye karatasi hesabu ilikubali. Kilichosahaulika ni kwamba mto una watu juu na chini ya banio. Wakulima wa vijiji vya nje ya mradi walipoona jirani anatajirika kwa mpunga, nao wakaanza kulima mpunga kwa mto ule ule. Nani angewakataza, na kwa makubaliano gani, kama hakuna aliyewahi kukaa nao? Kufikia miaka ya 1990 eneo la mpunga ndani ya mradi lilikuwa limepungua vibaya kwa kukosa maji, zege likiwa bado jipya. Wakulima walikuja kuunda ushirika wao, CHAWAMPU, wakachukua trekta na zamu mikononi mwao, lakini walikuwa wanarithi ugomvi ambao mradi uliupanda.

Somo la tatu ni la mabanio yenyewe. Banio la asili la Usangu ni magogo, mawe, nyasi na udongo. Linavuja, na mafuriko yakija linasombwa. Mhandisi akiliona anasikitika: upotevu! Kwa hiyo katika mradi wa Benki ya Dunia wa mabonde na umwagiliaji mdogo, ulioanza mwaka 1996, mabanio kadhaa yakajengwa kwa zege na milango ya chuma. Sasa fikirini pamoja nami. Yale maji yaliyokuwa "yanapotea" kwenye banio la magogo yalikuwa yanakwenda wapi? Yalikuwa yanakwenda kwa mkulima wa chini, na baada yake bwawani Ihefu, na baada yake Ruaha Mkuu. Uvujaji ule ndio uliokuwa mgao wake. Lango la chuma halivuji, na likijengwa kwa kipimo cha maji ya masika, kiangazi wa juu anaweza kufunga mto mzima. Watafiti waliokaa Usangu miaka ile waliandika hayo wazi. Pamoja na milango zikaja hati za haki ya maji zenye ada, na aliyelipa akaamini amenunua maji: ukimwambia mwenzako wa chini anakauka, anakutolea risiti. Mto Ruaha Mkuu nao, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, umeendelea kukauka, na anayelaumiwa ni nani? Mkulima na mfugaji. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 ulipotubana, lawama zilipanda Usangu moja kwa moja, ingawa walikuwepo wataalamu waliosema jinsi maji ya Mtera yalivyokuwa yanafunguliwa nayo iangaliwe.

Cha kushangaza ni kwamba kwenye kijito cha Mkoji, huko huko Usangu, vijiji vya juu na vya chini vilikaa vikapangiana zamu za kiangazi, siku zetu, siku zenu, bila zege wala askari. Haikuwa kamilifu, kuna miaka walipigana. Lakini walijua wanapigania nini na nani wa kumfuata.

Nasikia mtu anasema Kenya wao wameweza kwa nidhamu, angalieni Mwea. Haya, tuiangalie Mwea. Skimu ile ilianzishwa na Waingereza katikati ya miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Mkono wa chuma zaidi ya huo sijui mnautafuta wapi. Baada ya uhuru, kuanzia mwaka 1966, ikawa chini ya Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji. Mkulima alikuwa mpangaji kwa leseni. Bodi iliamua alime lini, ikamkata gharama, na mpunga wake wote ikaununua kwa bei iliyojipangia. Kuuza gunia pembeni lilikuwa kosa. Nidhamu hiyo ilifika wapi? Mwaka 1998 wakulima waligoma kupeleka mpunga kwa bodi, mwaka 1999 vijana wakauawa kwa risasi, na bodi ikatimuliwa. Ushirika ukaendesha skimu peke yake kwa miaka kadhaa.

Nitakuwa mkweli hapa ili msije mkanikamata: miaka ile ya ushirika haikuwa pepo. Mifereji mikuu ilichakaa, mashine zilikosa vipuri, na mashamba ya nje ya ramani, wenyewe waliyaita ya "jua kali", yalinyonya maji ya wa ndani. Mwaka 2003 pande mbili zikarudi mezani. Serikali ikashika banio na mifereji mikuu, wakulima kupitia chama chao cha watumia maji wakashika mifereji midogo na zamu zake, na kuuza mpunga kukawa huru. Sheria mpya ikaja mwaka 2019, bwawa la Thiba likazinduliwa 2022. Ona mfuatano wake: kwanza mkulima alipata kauli, kisha bwawa jipya likaja. Sisi tunataka kuanza na bwawa, kauli tutaitafuta skimu ikishakufa.

Na haya madai kwamba Mwafrika hajui kugawana maji ni matusi tu. Wachagga walichimba mifongo kwenye miteremko ya Kilimanjaro kabla Mjerumani hajafika, kila mfongo na ukoo wake na siku zake. Wapare walikuwa na ndiva, bwawa dogo linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, na siku ya msaragambo asiyetokea kuzibua hana maji. Wamarakwet wametundika mifereji kwenye majabali ya Kerio. Kasoro zilikuwepo: mwanamke ndiye aliyelima, lakini kwenye kikao cha zamu hakuwa na kauli, na hilo bado linatutesa mpaka kwenye kamati za leo. Hata hivyo mfumo ulikuwa na kitu kimoja ambacho miradi yetu haina. Aliyekata maji alikuwa anaishi pale pale, na aliyekatiwa alijua mlango wa kugonga.

Sasa tujisemee sisi wenyewe, maana ni rahisi kusema serikali. Mara mbili kwa mwaka maonyesho ya Canton yanapofunguliwa pale Pazhou, nusu ya ndugu zetu wanaokuja wanaulizia pampu: za petroli, za dizeli, za sola. Biashara halali, na mimi ni miongoni mwa wanaowapeleka viwandani. Lakini pampu zile haziishii Kariakoo. Nyingine zinakwenda kwenye mashamba yetu wenyewe, haya ya kulima kwa simu, ekari hamsini tulizokodi kandokando ya mto, juu ya banio la kijiji. Kijana tuliyemwajiri anawasha mashine saa kumi usiku. Chini yetu kuna akina mama wenye majaruba ya robo ekari wanaosubiri zamu yao ya Alhamisi, na Alhamisi mfereji mkavu. Sisi si wanachama wa kile chama chao cha umwagiliaji, ada hatulipi, kwenye kuzibua tope hatuonekani. Kisha jioni tunakaa Xiaobei kusema mkulima wa Tanzania hana nidhamu! Tangu lini mwenye pampu kubwa akawa ndiye mwenye nidhamu?

Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 ipo, Tume ipo, na sheria inavitambua vyama vya umwagiliaji vya wakulima. Kwa hiyo sidai kitu cha mbinguni. Nadai kabla mkandarasi hajashusha kokoto, chama cha wakulima, wa juu na wa mwisho wa mfereji, wanawake wakiwemo kwa idadi inayoweza kushinda kura, kiwe kimeuona mchoro na mkataba kwa Kiswahili na kina uwezo wa kukataa lango lisilofaa. Nadai mfungua lango aajiriwe na chama hicho, alipwe nacho, na aweze kufukuzwa nacho. Ada ibaki kwenye skimu kwa sehemu inayojulikana, kitabu cha hesabu kibandikwe ukutani kila msimu, si kufungiwa kwenye droo ya mtendaji. Na kabla ya kuchora skimu, vijiji vyote vinavyokunywa mto huo, vya juu na vya chini, vikae kwanza. Nchi yetu imejipimia hekta milioni 29.4 zinazofaa kumwagiliwa na kufikia mwaka 2022 tulikuwa tumegusa laki saba na ushee. Kwa mabilioni haya yanayokuja tunaweza kuzalisha Lower Moshi nyingine hamsini, zege jipya na majaruba makavu.

Wale mnaokwenda likizo Desemba, na najua wengine kwenu ni Mbarali, Kahe, Magugu, Dakawa, naomba kazi moja tu. Kabla ya kuwaambia wazee jinsi China ilivyoendelea, nendeni mkaone banio la kijiji. Ulizeni ufunguo wa lango uko kwa nani, na mara ya mwisho kitabu cha ada kilisomwa lini mbele ya wanachama. Kisha ulizeni kama shamba lenu la simu limo kwenye orodha ya zamu. Mkirudi tukae tena Xiaobei, chai nitalipa mimi, mje na majibu hayo.

Nawasilisha.